Iligonga Mara Moja Tu

Jua lilikuwa la utosini, na kila chuma kilichotandazwa kwenye ua wa vipuri vikuukuu kilikuwa kimeshika moto wa kuunguza kiganja, isipokuwa kimoja. Hicho kimoja kilikuwa baridi kama sakafu ya alfajiri.

Fundi Sikio aliondoa mkono, kisha akaurudisha. Ilikuwa krenki, ule mhimili mzito uliopindapinda ambao pistoni huuzungusha tumboni mwa injini. Aliihitaji sana, maana ile ya pikapu ya jirani yake muuza maji ilikuwa imekatika vipande viwili, na jirani alikuwa na tabia ya kuja kusimama mlangoni pa karakana akipumua bila kusema neno. Mtu mwenye haraka hana muda wa kushangaa baridi. Alijiambia kwamba krenki ile ilikuwa chini ya rundo, kivulini, basi.

Jina la Sikio hakupewa bure. Wenzake walipofungua injini nzima kutafuta ugonjwa, yeye aliinamisha kichwa, akasikiliza, akautaja. Na katika kununua chuma kilichotumika alikuwa na utaratibu wake. Kwanza alipitisha ukucha kwenye shingo za krenki, zile sehemu laini zinazozunguka ndani ya metali, yale maganda membamba yanayozuia chuma kisisagane na chuma, kwa sababu ukucha ukikwama pana mikwaruzo. Haukukwama. Akatazama rangi, kwani chuma kilichowahi kukosa oili hugeuka buluu. Hii haikuwa na buluu. Akapaka mafuta ya taa, akafuta, akanyunyiza unga wa chaki na kungoja aone kama mafuta yatachungulia kutoka kwenye ufa. Chaki ikabaki nyeupe. Mwisho akaifunga waya, akaining'iniza, akatoa nyundo yake ndogo mfukoni.

Hapo ndipo palipokuwa na mzaha wake. Kabla ya kugonga alisema, "Hodi!" Krenki yenye ufa wa ndani hutoa sauti ya chungu kilichopasuka, na hapo Sikio aliondoka akisema wenyewe hawapo. Iliyo nzima hulia kama kengele, naye huitikia kwa niaba yake, "Karibu!" Wauza vipuri wote waliujua mzaha huo, na walicheka kwa kuwa baada yake huja malipo.

"Hodi!" alisema, akagonga.

Ililia sauti ndefu, safi, tamu, ambayo hakuwahi kuisikia kwenye chuma cha mitumba. Kisha ikanyamaza. Na kabla Sikio hajafungua kinywa, kutoka ndani ya chuma kukagongwa, taratibu, kama mtu asiye na hakika na nyumba. Ngo. Ngo. Ngo.

Mwingine angekimbia. Sikio alicheka. Chuma kilichotoka kivulini kikapigwa jua hutanuka, na kikitanuka hulia, hilo kila fundi analijua. Tena alikuwa mtoto wa mama yake, na mama yake alimlea kwamba anayegonga huitikiwa, awe mdai, awe mwendawazimu.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."

Muuzaji alikuwa ameegemea mlango wa gari usio na gari. Watu walimwita Haki ya Mungu kwa vile kila sentensi yake ilikuwa na kiapo. Tena hakuwa mwongo. Alisema kweli, ila kweli yake aliikata kama kitambaa, akakupa kile kipande ulichoomba tu.

"Niambie bila kunificha," Sikio alimwambia. "Ilikuwa inagonga?"

Kwa mafundi, injini inayogonga ni injini inayokata roho, metali zimekwisha na chuma kinakula chuma. Krenki iliyozunguka hivyo safari nzima haifai hata kuwa uzito wa kuzuia mlango.

"Iligonga mara moja tu, haki ya Mungu. Na dereva alizima palepale."

"Palepale?"

"Haki ya Mungu, haikusogea hata hatua."

Sikio alifurahi mpaka akamsifu mtu asiyemjua. "Huyo ndiye dereva! Wengine wakisikia inagonga wanaongeza sauti ya redio. Huyo amelelewa."

Haki ya Mungu alitazama viatu vyake. Kisha akapunguza bei bila kuombwa, jambo ambalo lilipaswa kumshtua Sikio kuliko ile baridi.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati lililoegemezwa kwenye nyumba, na meza ya kazi ilipakana na ukuta wa chumba cha mama. Mama alikuwa amekwisha kupoteza miguu, yaani ipo lakini haimbebi. Kitandani aliweka mwiko. Akihitaji kitu aligonga ukuta, na Sikio, hata akiwa chini ya gari, aliitikia, "Naam, mama!" Ndivyo walivyoishi, wawili tu, tangu mke wa Sikio alipofungasha akisema hawezi kuolewa pamoja na ukuta.

Adabu ya mama ilikuwa kichekesho cha mtaa. Mwizi aliwahi kuingia mchana kweupe akabeba redio, na alipokutana na macho ya bibi pale kitandani, akababaika, "Samahani, nimekosea nyumba." Mama akamjibu, "Hakuna neno, baba. Karibu tena." Sikio aliisimulia hadithi hiyo kila mahali, huku naye mwenyewe akiwaambia "karibu tena" wateja waliokataa kumlipa.

Aliilaza krenki juu ya meza, kwenye gunia, ikingoja metali za kipimo chake zipatikane. Mchana huo huo ukuta ukagongwa.

"Naam, mama!" Aliingia akijifuta mikono.

"Sijakuita," mama alisema. "Si wewe uliyegonga? Nimesikia hodi, nikasema karibu."

"Labda bati limetanuka, mama. Jua kali."

"Labda." Mama alinusa hewa. "Umepaka mafuta ya nywele?"

Sikio alicheka, maana kichwa chake kilikuwa na upara tangu ujana. Lakini naye aliisikia ile harufu, mafuta mazuri ya mwanamke aliyejiandaa kwenda kutembelea watu, na nyuma yake harufu nyingine, ya vumbi lililoloa.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, watu walipolala mchana na mtaa ukawa kimya. Alipoingia alimkuta mama ametazama mlangoni, nyuma yake yeye, akitabasamu lile tabasamu la wageni.

"Mbona unamsimamisha mgeni wako? Mwambie akae."

"Mgeni gani, mama?"

"Yule mama mwenye kikapu." Akashusha sauti. "Mpe kiti, mwanangu. Ila usimtazame sana ule upande wake wa kushoto. Ataona haya."

Sikio aligeuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kigoda cha kuogea, ambacho asubuhi alikuwa amekiacha uani.

Wazee huona mambo, na mwana mwema hawabishii. Lakini alipoiosha miguu ya mama asubuhi iliyofuata, kama alivyofanya kila siku, alishtuka mpaka akamwaga maji. Nyayo zilikuwa baridi. Hakuhitaji kufikiri baridi ile aliigusa wapi. Ilikuwa ile ile ya kwenye ua wa vipuri, na tangu hapo ikaanza kupanda, leo vifundoni, siku nyingine magotini, na kila ilipopanda, mama alisema mgeni amesogea, sasa yupo kwenye kigoda, sasa kigoda kipo karibu na kitanda, sasa ameketi miguuni.

"Anataka nini?" Sikio aliuliza kwa mnong'ono.

"Hajasema. Amechoka na safari tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mama, wewe hujapona. Unapoa."

"Basi nifunike."

Alimfunika kwa kila nguo iliyokuwemo ndani, akachemsha maji na kuyatia kwenye chupa na kuziweka ubavuni mwake, na bado alipopitisha mkono chini ya mablanketi kutafuta pale joto linapoishia alilikuta limerudi nyuma tena, na alipokuwa amepiga magoti hivyo, mkono ukiwa ndani, akaliona godoro upande wa miguuni likibonyea, polepole, kama linavyobonyea mtu mzito anapoketi kwa heshima asimwamshe mgonjwa, na harufu ya mafuta ya nywele ikamjaa puani mpaka kooni, na ukuta uliokuwa mbele yake, ambao nyuma yake hapakuwa na mtu ila meza na gunia na chuma, ukagongwa, na mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefumba na midomo imekauka, akasema kwa sauti ndogo ya furaha, "Karibu."

Sikio aliogopa. Hakuogopea nafsi yake. Aliogopa kwa hesabu rahisi ambayo hata mtoto angeweza kuifanya, kwamba baridi ikifika kifuani hana tena mama.

Aliipakia krenki kwenye toroli, akaisukuma mpaka uani kwa Haki ya Mungu, akaitupa miguuni pake.

"Chukua mzigo wako. Ulinidanganya."

Haki ya Mungu alirudi nyuma akawa nyuma ya ule mlango wake usio na gari. "Sikukudanganya. Uliniuliza kama iligonga, nikakwambia iligonga."

"Mara moja tu, ulisema!"

"Mara moja tu. Mara ngapi tena? Mtu hufa mara moja."

Sikio alishika mpini wa toroli. Maisha yake yote neno lile lilikuwa na maana moja, na maana hiyo ilikaa ndani ya injini. "Iligonga... mtu."

"Ulidhani nini?" Haki ya Mungu alinong'ona, na siku hiyo hakuwa ameapa hata mara moja. "Gari liligonga mama mmoja pale kwenye kona ya kiwanda cha matofali, mchana, barabara tupu. Alikuwa mgeni huko, ana kikapu, anaulizia nyumba ya mtu. Dereva alizima palepale akatoka mbio. Yule mama alikuwa chini ya injini, hai. Akawa anagonga chuma apate kusikika."

"Hakuna aliyepita?"

"Walipita. Wakasikia ngo, ngo, ngo. Unajua injini ikizimwa inavyolia ikipoa." Akajifuta jasho. "Walidhani inapoa."

Haki ya Mungu hakukubali kuipokea krenki, na Sikio hakumlazimisha. Aliipakia tena, akaisukuma toroli mpaka kwa shangazi yake.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mganga wa kutoa mashetani, na Sikio alikuwa amemtania kwa kazi hiyo tangu utotoni. Alimkuta amefunga taya kwa kanga, shavu limevimba.

"Mganga hajigangi, usinitazame hivyo," alisema. "Jino. Kaa useme."

Sikio alisema yote. Shangazi alisikiliza akibonyeza shavu, na Sikio alipofika kwenye neno "karibu" akafumba macho.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi. Kisha mama."

"Nyinyi na adabu yenu!" Akavuta pumzi. "Wengine watakuambia ni jini lililovaa sura ya marehemu. Wengine watasema ni marehemu mwenyewe. Mimi sibishani. Ninachojua, aliyeingia kwa nguvu nitamtoa kwa nguvu. Aliyekaribishwa hafukuzwi. Ukimfukuza atamshika mwenyeji wake na kuondoka naye."

"Sasa nifanye nini, shangazi?"

"Mgeni hufanywa nini? Husindikizwa! Utamchukua na chuma chake mpaka pale alipoachwa. Utachimba, utakilaza, utamuaga. Kwaheri tupu. Usiongeze."

"Niongeze nini?"

"Wewe ni mtoto wa mama yako," shangazi alisema. "Unajua."

Hofu ya wote wawili ilikuwa kwa mama. Shangazi alikuja nyumbani, akaketi kando ya kitanda, akamweleza pole pole kwamba mgeni anaondoka na kwamba safari hii, tafadhali, asiseme kitu.

"Hata...?" mama aliuliza.

"Hasa hilo, wifi."

Mama alihuzunika kwelikweli. "Mtu atoke nyumbani kwangu kama ametoka zizini?" Lakini baridi ilikuwa imekwisha kufika mbavuni, na pumzi zake zilikuwa fupi. Akafikiri, akaomba kikombe cha maji, akajaza kinywa mpaka mashavu yakatuna, akamfanyia mwanawe ishara ya kwamba yupo tayari. Shangazi na shavu lake, mama na mashavu yake, walitazamana. Siku nyingine yoyote Sikio angecheka mpaka akae chini.

Alisimama mbele ya kitanda, akazungumza na ile sehemu iliyobonyea.

"Mama, twende. Nikusindikize."

Godoro likainuka. Mama alikunja mashuka kwa vidole, macho yamemtoka, maji yakimchuruzika kidevuni, lakini hakufungua kinywa. Alishinda, yule bibi ambaye hata mwizi alimkaribisha.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka Sikio aliposukuma toroli kupita mtaani. Watu walimsalimia, naye hakuitikia. Toroli ilikuwa nzito kuliko krenki. Kando yake, upande wa kushoto, palikuwa na mburuto wa kandambili moja, moja tu, na alikumbuka alichoambiwa akatazama mbele. Alipopita kwenye shimo mzigo ulijigonga, naye akajikuta akisema, "Samahani, mama," kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Moyo wake ulikuwa umeanza kufanya jambo ambalo hakulitarajia. Ulikuwa unamhurumia. Kwa maana alikuwa nani huyu, ila mtu aliyebisha hodi kwa adabu mpaka mwisho, na watu wakasema chuma kinapoa?

Kwenye kona ya kiwanda cha matofali hapakuwa na alama yoyote ya lililotokea. Alichimba kando ya lami, pale udongo ulipokuwa laini. Aliilaza krenki kwa mikono miwili, si kwa kuitupa. Na alipoigusa mara ya mwisho ilikuwa na joto la jua, kama chuma chochote.

Akafukia. Akasimama. "Kwaheri, mama," alisema.

Mburuto ulisogea mbali naye kidogo, ukasimama. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole, iliyochoka, ikasema kutoka mahali pasipokuwa na mtu:

"Nimeshukuru, mwanangu. Mmenipokea vizuri. Haya, kwaheri."

Shukrani ile ilimyeyusha. Siku zote za woga zilimtoka kwa pamoja, machozi yakamjaa, mabega yakalegea, akawa tena mtoto mdogo mlangoni pa nyumba yao, ameshika mkono wa mama, wageni wanaondoka. Ulimi hauna mfupa.

"Kwaheri, mama," alisema. "Karibu tena."

Alilisikia neno akiwa ameshalisema. Akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo, akasimama hivyo akisikiliza kwa masikio yale yaliyompa jina. Hakusikia kitu. Hakuna mburuto, hakuna pumzi, upepo tu kwenye matofali. Alijiambia kwamba mgeni alikuwa ameshaondoka. Alijiambia kwamba hakusikia. Alijiambia hivyo njia nzima, akisukuma toroli tupu ambayo ilikuwa nyepesi, nyepesi kweli, na hilo alilishika kama ushahidi.

Alipoingia chumbani mama aliyatema maji kwenye beseni kwa kishindo na kuanza kucheka.

"Nishike miguu!" alisema. "Nishike!"

Ilikuwa na joto. Sikio aliishika yote miwili, akaweka paji la uso juu ya magoti ya mama yake na kukaa hivyo.

"Umemuaga?" shangazi aliuliza nyuma yake.

"Nimemuaga."

"Kwaheri tupu?"

Sikio hakuinua kichwa. Mama alikuwa anachezea sikio lake, kama alivyofanya mwanawe alipokuwa mdogo, na chumba kilinuka sabuni na chai, na wanawake hawa wawili walikuwa na furaha. Angesema wakati ule, huenda shangazi angejua la kufanya.

"Kwaheri tupu," alisema.

"Basi yamekwisha. Wifi, sasa sema unavyotaka, hakuna mwiko tena." Shangazi alikaza kanga yake ya taya. "Miaka yote hii sijawahi kukuona umenyamaza. Nilidhani umekufa." Akaenda zake akilalamikia jino.

Sikio aliwasha taa, akamketisha mama kwa mito, akamsogezea kikombe. Mama alizungumza mfululizo, kama mtu anayelipiza. Alisema mgeni alikuwa mtu mzuri, ila mtu akizoea nyumba ya watu hasahau njia. Alisema kesho angependa kujaribu kusimama.

Mlango ukagongwa. Safari hii haukuwa ukuta, ulikuwa mlango wa mbele, na aliyegonga hakugonga kama mtu asiye na hakika na nyumba. Aligonga kama jamaa.

Uso wa mama ukang'aa. Aliugeukia mlango, akavuta pumzi, na Sikio akaruka, kikombe kikaanguka, akauweka mkono wake wenye udongo na oili juu ya kinywa cha mama yake na kukibana kwa nguvu zake zote, akitikisa kichwa, akilia. Mama alimtazama kwa mshangao. Hakuwahi kuguswa hivyo na mwanawe. Na chini ya kiganja chake Sikio akaihisi midomo yenye joto ikisogea, taratibu, kwa adabu, ikilitamka lile neno mpaka mwisho.